Leso na Mkanda

Duka kwa duka, Biashara Street ni leso. Mama yangu akienda kununua pea, kabla ya kuuliza bei anasoma jina lake kwanza. Leso hubeba mtoto, hufunika bibi harusi. Na kwenye barabara ya Mombasa–Nairobi, gari likipinduka, leso ya abiria ndiyo hufunika maiti. Nimeona kwa macho yangu, karibu na Mariakani. Jina la leso ile sikulisoma.

Tulikuwa na sheria. Februari 2004, waziri wa uchukuzi John Michuki alitaka kila matatu iwe na mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, waziri hakulegea.

Kisha tukazoea. Mkanda ukawa wa kumwonyesha polisi: kizuizi kikionekana tunafunga, tukikipita tunafungua. Mimi pia.

Tangu Mariakani, naufunga kabla gari halijang'oa. Dereva akikimbiza, namwambia: punguza, ndugu yangu. Abiria wengine hunicheka. Wacha wacheke, bora tufike.