Tibhirine: watawa waliokataa kuhama

Kijiji cha Tibhirine kiko milimani karibu na mji wa Médéa, kilomita zipatazo 90 kusini mwa Algiers. Wamonaki wa Kitrapisti walihamia hapo mwaka 1938, Algeria ikiwa bado koloni la Ufaransa, wakawa na mashamba makubwa kama walowezi wengine. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 walibakiwa na eneo dogo, na baadaye wakalilima kwa ubia na wanakijiji, mavuno wakigawana. Habari ya amani yao huwa inaanzia kwenye kifo chao cha mwaka 1996. Mimi naona mahali pa kuanzia ni hapo shambani.

Watrapisti, kama wote wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, huweka nadhiri ya kudumu katika jumuiya moja hadi kufa. Mtawa wa namna hiyo hatafuti uwanja wa kuhubiri. Anakaa, akazoeana na majirani. Bruda Luc Dochier, daktari, alifika Tibhirine mwaka 1946 akafungua mlango wa zahanati kwa kila mgonjwa, bila kuuliza dini wala upande. Mwaka 1959, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto, wapiganaji walimteka, kisha wakamwachia. Akarudi kwa wagonjwa wake.

Mwaka huohuo Christian de Chergé alikuwa Algeria kama ofisa kijana wa jeshi la Ufaransa. Alikuwa na rafiki Mwislamu aitwaye Mohammed, mlinzi wa mashamba na baba wa watoto kumi. Siku moja walipokutana na watu wenye silaha, Mohammed alisimama kumkinga. Kesho yake Mohammed alikutwa ameuawa. Deni hilo Christian hakulisahau: alirudi Algeria mwaka 1971 akiwa mmonaki wa Tibhirine, akaenda Roma kusoma Kiarabu na Uislamu, na mwaka 1984 ndugu zake wakamchagua kuwa priori, yaani mkuu wa monasteri. Kabla ya hapo, mwaka 1979, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Ribat es-Salam, kikundi cha sala ambacho Waislamu wa Kisufi wa Médéa walikuja kujiunga nacho. Waumini wa kijiji walipokosa mahali pa kuswali, wamonaki waliwapa chumba ndani ya ua wa monasteri. Kengele na adhana zikawa zinasikika kutoka ua mmoja.

Uchaguzi ulipofutwa Januari 1992, nchi iliingia vitani. Mwishoni mwa 1993 kundi la waasi wa Kiislamu la GIA liliwapa wageni wote muda wa kuondoka. Tarehe 14 Desemba wafanyakazi 12 kutoka Kroatia na Bosnia walichinjwa huko Tamesguida, si mbali na monasteri. Siku kumi baadaye, mkesha wa Krismasi, kamanda wa kundi hilo, Sayah Attia, alifika monasterini na watu wake. Christian alimwambia kwamba hakuna aliyewahi kuingia mle na silaha: kama ni mazungumzo, yafanyike nje. Wakatoka. Attia alitaka daktari, dawa na fedha. Akajibiwa kwamba Luc ni mzee na anaumwa, lakini majeruhi atakayeletwa zahanatini atatibiwa kama mwingine yeyote, dawa ni za wagonjwa, fedha hakuna. Attia akasema hana hiari. Christian akamjibu kwamba anayo. Kisha akamweleza kuwa wanajiandaa kusherehekea kuzaliwa kwa Mfalme wa Amani, na Attia akaomba radhi, kwamba hakujua.

Baada ya usiku huo wamonaki walijadiliana kwa muda mrefu, maana si wote walitaka kubaki, na hiyo ilikuwa haki yao. Hatimaye walikubaliana kubaki. Wakakataa pia kulindwa na jeshi. Wamonaki waliwaita wapiganaji ndugu wa mlimani, na askari wakawaita ndugu wa bondeni, jambo ambalo halikuwafurahisha watu wa serikali. Asiyechukua upande katika vita vya wenyewe kwa wenyewe hushukiwa na pande zote mbili.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996 wamonaki saba walitekwa, Luc akiwamo, mwenye umri wa miaka 82. Wawili hawakuonekana na watekaji, wakapona. Mwishoni mwa Mei vilipatikana vichwa vyao tu. GIA ilidai kuhusika, lakini ubishi juu ya wauaji umeendelea hadi kwenye mahakama za Ufaransa. Wamonaki hao walizikwa Tibhirine.

Tarehe 8 Desemba 2018 walitangazwa wenye heri mjini Oran, pamoja na wengine 12. Wanne kati ya hao ni wa shirika la White Fathers, lililoanzia Algiers mwaka 1868 na miaka kumi baadaye likaleta mapadre Tanganyika. Katika wosia wake Christian alikuwa ameomba kifo chake kisitenganishwe na vya wengi waliouawa bila kutajwa. Maaskofu wa Algeria walilizingatia hilo: katika maadhimisho ya Oran walikumbukwa pia maimamu waliouawa kwa sababu walikataa kuhalalisha umwagaji damu.