Chakula cha Ziada kwa Ng'ombe wa Nyama Wakati wa Kiangazi

Katika maeneo mengi ya kati mwa Tanzania, mvua hukoma mwezi Mei na kurejea Novemba au Desemba. Nyasi hukauka, na protini yake ikishuka chini ya takriban asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinavyosaidia kumeng'enya nyasi hupungua. Ng'ombe hula kidogo, hukonda, na mfugaji hupoteza mnadani kilo zilizopatikana msimu wa mvua.

Chakula cha ziada hakichukui nafasi ya malisho, bali huwezesha nyasi kavu zilizopo kuliwa na kumeng'enywa. Kwa hiyo protini hutangulia: mashudu ya pamba katika mikoa kama Shinyanga na Simiyu, au ya alizeti Singida na Dodoma. Pumba za mahindi huongeza nguvu, na jiwe la chumvi huongeza madini. Maji ya kutosha ni lazima.

Ulishaji uanze kabla mifugo haijakonda, na kiasi kiongezwe taratibu. Urea itumike kwa maelekezo ya afisa mifugo pekee, kwani ikizidi kipimo huua ng'ombe.