Uyoga wa Chini ya Miyombo

Mvua za kwanza zikinyesha hapa Nyarugusu, mama anaangalia miti kwanza, ndio anainama kutafuta uyoga. Alijifunza hivyo kwetu, upande wa Kalemie. Anatuambia: "Uyoga huu ni wa myombo. Chini ya mwembe utarudi mikono mitupu."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu, kumbe ni historia. Huko Rhynie, Scotland, kuna mimea iliyogeuka jiwe miaka kama milioni 407 iliyopita. Haikuwa na mizizi kamili, lakini ndani yake wataalamu wamekuta fangasi. Fangasi alileta madini ya udongoni, mmea ukamlipa sukari. Mwembe bado unaishi na fangasi wa aina hiyo, na hao hawatoi uyoga wa kula.

Baadaye sana, fangasi wengine waliokuwa wakiozesha majani na magogo wakahamia kwenye mizizi hai. Haikuwa mara moja. Koo nyingi zilihama, kila moja kwa wakati wake. Hao ndio wanaofunika ncha za mizizi ya miyombo. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika huo jina: mikoriza.

Mwaka juzi nilikata myombo mmoja, tulikosa kuni. Msimu uliofuata mama alirudi kutoka pale na kikapu kitupu. Sikumwambia kitu.

Sasa kisiki kinachipua, maana mizizi haikufa. Vijana wangu nimewaomba jambo moja: machipukizi yale tusiyaguse.