Sumni: Nusu au Thumuni?

Ndugu zangu tuliolala bweni moja mtakumbuka kwamba sumni kwetu ilikuwa senti 50, basi. Siku moja nikafunua kamusi ya zamani maktabani, nikakuta thumuni ni sehemu moja ya nane. Nikaandika hivyo katika insha. Nikatiwa kosa, na darasa zima likacheka. Kwa miaka mingi niliamini kamusi ndiyo iliyokosea.

Kumbe sote tulikuwa sahihi. Wazee wa pwani walihesabu kwa reale, ile fedha ya Maria Theresa, iliyokwenda kwa kiasi cha rupia mbili na kidogo. Shilingi ilipoingia mwaka 1921, rupia moja ilihesabiwa shilingi mbili. Basi reale ni kama shilingi nne, na thumuni yake ni senti 50. Reale ilitoweka, jina likabaki kwenye sarafu ndogo. (Hela nayo tuliachiwa na Wajerumani, walioileta mwaka 1904, na hatujaiacha.)

Ninyi mlioko madarasani sasa, sumni hamkuwahi kununulia kitu. Kamusi ile, kama ingali maktabani, ifunueni kwenye herufi T. Insha yangu bado ninayo, pamoja na wino wake mwekundu.