Tundu Limekubali, Kioo Kimekataa

Iko adapta ndogo ya bei rahisi, upande mmoja ina tundu la VGA, upande wa pili kichwa cha HDMI. Unaichomeka, inakaza sawasawa, na kioo kinabaki cheusi. Mnunuzi hudhani ameuziwa kitu kibovu, kumbe huenda kila pini ndani yake ni nzima. Kisa chake ni kirefu kuliko waya wenyewe.

Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC, kadi ya rangi iliyoitwa CGA ilitumia tundu la pini 9. Kila waya wa rangi ulisema ama ndiyo ama hapana, basi rangi zikawa 16 tu. Mwaka 1987 kampuni hiyo hiyo ikaleta VGA yenye pini 15. Nyekundu, kijani na buluu kila moja ikapewa waya ambao umeme wake hupanda na kushuka kidogo kidogo, na rangi za kuchagulia zikafika 262,144. Kwa vioo vizito vya wakati ule, lugha hiyo ilifaa sana. Lakini vioo vya kawaida vya CGA havikuweza kuielewa.

Baadaye vikaja vioo bapa, vinavyoonyesha kila nukta kwa hesabu ya tarakimu. DVI ya mwaka 1999 ilitengenezewa hivyo, ila waliobuni aina ya DVI-I walikumbuka wenye vioo vya zamani: tundu moja likabeba lugha zote mbili, na adapta isiyo na akili yoyote ikatosha. HDMI, iliyotoka mwaka 2002, ilirithi tarakimu za DVI lakini ile lugha ya VGA ikaiacha. Tangu hapo, kutoka VGA kwenda HDMI hakutaki kibadili umbo. Kunataka mkalimani, yaani kigeuzi chenye saketi ndani yake.

Tena mkalimani ana upande wake. Matundu mengi ya DisplayPort, iliyoanza mwaka 2006, huweza kusema HDMI kwa adapta rahisi. Kinyume chake hakiwezekani bila kigeuzi.

Desemba 2010 Intel, AMD na watengenezaji kadhaa walitangaza kwamba wangeiacha VGA kufikia mwaka 2015. Kwao ilikuwa tarehe ya kuachana na kitu kikuukuu. Kwa shule inayoishi kwa kompyuta za mitumba, kioo kizima hugeuka mzigo kwa sababu ya pini tu.

Ndiyo maana mimi huiona DVI-I kuwa kazi ya kiungwana. Kupatana kwa mashine za vizazi viwili hakuji kwenyewe. Mtu fulani huamua kulipia pini za ziada kwa ajili ya wengine. Asipoamua hivyo, gharama haipotei. Huhamia kwa mnunuzi wa mwisho, ambaye inampasa aulize si kama kichwa kinaingia, bali ni lugha gani inatoka, na inakwenda upande gani.