Swali la Mpemba

Mhariri aliniomba niandike juu ya sayansi shuleni petu. Nimechagua kisa cha shule nyingine, na sababu yake nitaieleza.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa Kidato cha Tatu, Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: maziwa huchemshwa, hutiwa sukari, huachwa yapoe, ndipo huingizwa katika friza. Siku moja, kwa kuchelea kukosa nafasi, Mpemba aliyaingiza yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, bado. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Darasa zima likaushika msemo huo. Akikosea hesabu, basi hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akasimama na swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini sana, lakini aliahidi kupima. Fundi wake wa maabara alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, ila angerudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! (Watumishi wa Serikali tunamfahamu fundi huyo.) Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia. Wakati huo alikuwa akisomea wanyamapori, Mweka.

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakatia shaka, na mabishano hayajaisha. Hilo halimpunguzii Osborne kitu. Hakumwambia kijana kwamba amepatia, alimwambia tupime.

Sasa sababu yangu. Mwaka 2009 nilialikwa shuleni petu kuzungumza na Kidato cha Nne, nikiwa na shahada yangu na tai. Kijana wa nyuma aliuliza kwa nini betri za redio zilizokwisha, zikianikwa juani, hupata nguvu kidogo. Nilimjibu kwamba hilo haliji katika mtihani. Wenzake walicheka, nami nikacheka. Aliketi, hakuuliza tena.

Siku ya mkutano wetu nitafika mapema na betri kuukuu na kipima-volti, nikae maabara na vijana watakaopenda. Anayemfahamu kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima, namwomba amwambie aje.