Kuandika habari za mtoto mmoja

Mji wetu wa Kisangani una sifa yake katika elimu ya watoto. Mwaka 1971, vyuo vikuu vitatu vya nchi vilipounganishwa kuwa kimoja, kitivo cha saikolojia na ualimu kiliwekwa hapa Kisangani, na kimebaki mpaka leo. Lakini kazi yenyewe ya kumwangalia mtoto mmoja na kuandika jinsi anavyokua, ilianza zamani sana.

Sisi tuliosoma Mababa wa Kanisa tunamjua mmoja wa watu wa kwanza walioijaribu. Mtakatifu Augustino, alipoandika Maungamo yake karibu na mwaka 400, hakukumbuka kitu juu ya uchanga wake mwenyewe. Basi akawatazama watoto wachanga wa wengine, na humo aliona mtoto asiyeweza bado kusema akimkasirikia mwenziwe anayenyonya. Baada ya karne nyingi, mwaka 1877, Charles Darwin akatangaza habari za mwana wake wa kwanza, alizokuwa amezikusanya miaka 37 mbele.

Hao wawili walitazama kwa macho tu. Wageni waliofika Afrika walikuja na vipimo. Katika miaka ya 1950 Marcelle Geber, mganga Mfaransa, aliwapima watoto wa Kampala kwa vipimo vilivyotungwa Marekani, akasema wanawatangulia wale wa Ulaya. Wengine walishangilia, wengine walikataa. Jibu lililo bora kwetu lilitoka Kenya mwaka 1976: Charles Super alionyesha kwamba watoto wa Wakipsigis walikaa na kutembea mapema kwa sababu mama zao waliwafundisha, hata kwa kuwachimbia kishimo cha kukalia. Kutambaa, ambako hawakufundishwa sana, hawakuwatangulia wengine. Kumbe kipimo kilipima pia kazi ya mama.

Mary Ainsworth alishika njia nyingine. Mwaka 1954 na 1955 alizunguka katika vijiji karibu na Kampala, pamoja na mkalimani, akiwatembelea akina mama 26 wenye watoto 28. Alirudi nyumba ile ile kila majuma mawili, muda wa miezi mingi, akikaa karibu saa mbili. Aliangalia mtoto analia lini, anamfuata nani, anakwenda mbali kiasi gani kisha anarudi kwa mama yake. Kitabu kilitoka mwaka 1967 tu! Humo aliandika neno moja linalostahili kushikwa na kila katekista: mama aliyeweza kumweleza mtoto wake kwa mambo mengi madogo madogo, mara nyingi mtoto wake alikuwa mtulivu na mwenye kumtumaini.

Walakini hata Ainsworth alimtazama mama kwanza. Katika pori la Ituri, lililokuwa katika Jimbo la Mashariki (Orientale) mpaka mwaka 2015, Edward Tronick, Gilda Morelli na wenzao waliwaangalia Waefe katika miaka ya 1980. Huko mtoto mchanga hupita mikononi mwa watu wengi, na hata hunyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake. Akiwa na majuma 18, alikuwa na watu wengine zaidi ya nusu ya muda walipomtazama. Mtu akimwandikia mtoto huyo karatasi yenye sanduku moja tu la «mama», atasema ameachwa. Kumbe ana watu kumi na zaidi.

Neno hili si la vyuo vikuu tu. Mapadri na makatekista huombwa kuandika juu ya mtoto: kwa shule, kwa seminari ndogo, kwa nyumba ya yatima. Na katika miji yetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, ingawa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumshtaki mtoto hivyo. Mara nyingi shtaka huanza kwa vitu vidogo: anakojoa kitandani, anaota kwa sauti, ana ukaidi, mjomba amekufa. Anayeandika «mtoto huyu ni wa ajabu» amewapa washtaki karatasi. Anayeandika kwamba alikojoa kitandani mara tatu katika juma, tangu mama yake aende Isangi, na bibi ndiye anayemlaza, amempa mganga na jamaa kitu cha kufanyia kazi.